Sonona inapojificha nyuma ya sukari na presha

Mama mkubwa wangu anaweka insulini yake mtungini. Friji hana, na huko kijijini kwao, wilaya ya Chamwino, Dodoma, jua la mwezi wa kumi halina huruma. Muuguzi ndiye aliyemfundisha: mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowana, juu kitambaa kibichi, vyote kivulini nyuma ya nyumba. Ukitia mkono unakuta ubaridi. Mwaka juzi nilikwenda kumsalimu, nikaona kitambaa kimekauka, nikakiinua ili nikakiloweshe. Ndani nikakuta vichupa vitatu vya dawa, havijafunguliwa hata kimoja. Kwa tarehe zilizoandikwa kwenye daftari lake la kliniki, viwili vilitakiwa viwe vimekwisha.

"Mama mkubwa, hizi dawa mbona hazijaguswa?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kanipa. "Nimechoka, mwanangu."

Nilidhani amechoka sindano. Kliniki aliyokuwa akienda wakati huo walidhani amesahau, wakamkemea kidogo, wakamrudishia somo la lishe. Kumbe dalili ilikuwa mbele yetu muda mrefu, ila hatukujua kuisoma. Huyu ni mwanamke ambaye kwa habari za zabibu hakuna aliyempita pale kijijini: atakwambia nani kauza, kilo shilingi ngapi, nani kalipwa taslimu na nani kakopwa. Msimu ule zabibu zake zilivunwa, zikapakiwa, gari likaondoka, naye hakuuliza zimeuzwa bei gani.

Alikuwa na sonona, ugonjwa unaomzimia mtu moyo na hamu. Na kwa kuwa alikuwa nayo ndani ya ugonjwa mwingine, kila mtu aliyemtazama aliona ule ugonjwa mwingine tu.

Dalili zinazogongana

Redioni neno ni sonona. Mitaani si wengi wanaolitumia. Watu husema "nina mawazo", "moyo mzito", "mwili hauna nguvu", "kichwa kinawaka moto", au kama mama mkubwa, "nimechoka" basi. Wengi pia huichanganya na msongo wa mawazo. Msongo una mzigo unaoonekana: ada ya shule, kesi ya shamba, mvua iliyokata kabla mtama haujabeba. Mzigo ukitua, mtu anapumua. Mwenye sonona hata mzigo ukitua hahisi tofauti.

Wataalamu huitambua kwa mambo mawili makubwa, na angalau moja lazima liwepo: huzuni au utupu wa moyo karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, au kukosa hamu na raha ya mambo ambayo mtu alikuwa akiyapenda. Hapo hufuatana na mengine: usingizi kuharibika, hamu ya kula kupotea au kuzidi, uchovu, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kujiona huna thamani, kujilaumu, kufikiria kifo.

Sasa soma tena orodha hiyo huku ukimfikiria mgonjwa wa sukari. Uchovu? Sukari ikipanda inachosha. Usingizi? Anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa. Amekonda? Sukari hiyohiyo. Mgonjwa wa figo chakula hakimpiti kwa sababu ya uchafu uliojaa kwenye damu. Mwenye moyo uliochoka halali kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Mwenye upungufu wa damu hana nguvu hata ya kubeba ndoo moja ya maji. Karibu nusu ya dalili za sonona zinaweza kutolewa na ugonjwa wa kwanza, kwa hiyo mtabibu mwenye foleni ndefu nje ya mlango anaziweka zote chini ya jina ambalo tayari lipo kwenye daftari. Simlaumu sana. Lakini ndivyo mtu anavyopotea.

Lipo dodoso la maswali tisa, linaitwa PHQ-9, lililotengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Limetafsiriwa kwa Kiswahili na linatumika hapa nchini. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na mtu akifikisha 10 anahitaji kuangaliwa kwa makini. Ni chombo kizuri. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, hata hivyo, mimi ningeyapa uzito zaidi maswali mawili ya mwanzo, yale ya huzuni na ya kukosa hamu, maana hayo mwili peke yake hauwezi kuyajibia. Sukari inaweza kumnyima mtu nguvu ya kwenda shambani. Haimnyimi kutaka kujua zabibu zimeuzwaje. Mzee aliyepigwa na kiharusi anaweza kushindwa kumbeba mjukuu, lakini mjukuu akiletwa kitandani uso wa babu unachangamka. Usipochangamka, siku ya kwanza, wiki ya kwanza, wiki ya tatu, hapo pana jambo la kuuliza.

Upande wa pili nao una mtego wake. Yapo maradhi yanayoiga sonona: tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anakuwa mzito, baridi humpata, akili hupungua kasi. Upungufu wa damu hufanya vivyo hivyo. Hata metformini, dawa ya sukari inayotumiwa na watu wengi, ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo huleta uchovu, ganzi na moyo kukosa raha. Kwa hiyo mtu akishukiwa kuwa na sonona, damu ipimwe pia.

"Ungekuwa wewe usingehuzunika?"

Hili ndilo swali nililolisikia zaidi, kwa ndugu na kwa wahudumu wa afya. Linasemwa kwa upole kabisa. Mtu kaambiwa sindano ni za maisha, au kakatwa mguu, au anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne nne kila mara. Kwa nini asihuzunike? Ana haki ya kulia.

Ana haki. Kosa ni kwamba swali hilo hufunga mazungumzo. Sababu ikishajulikana, watu huona kazi imekwisha. Mtoto akiungua kwa uji wa moto sababu tunaijua, na bado tunamkimbiza zahanati.

Tena, kama sonona ingekuwa tunda la lazima la kuugua, wagonjwa wote wangekuwa nayo. Hawako hivyo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi 60, wenye watu zaidi ya 245,000. Miongoni mwa waliokuwa na ugonjwa wa kudumu kama kisukari, pumu, baridi yabisi au maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, waliokuwa na sonona walikuwa kati ya asilimia 9 na 23. Idadi hiyo ni kubwa kuliko kwa watu wasio na maradhi hayo, lakini maana yake pia ni kwamba walio wengi wanaugua, wanahuzunika, wanazoea, na wanaendelea kuishi bila sonona. Aliyenasa humo hajanasa kwa sababu ndivyo wagonjwa wanavyokuwa. Kuna kitu cha ziada kimempata. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mwenye sonona pamoja na ugonjwa wa kudumu ana afya mbovu kuliko mwenye magonjwa mawili ya mwili bila sonona.

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Asubuhi mtu analia, mchana jirani anakuja na habari za harusi, anacheka, jioni anakumbuka tena. Mama mkubwa hakuwa akilia. Jirani alikuja na habari, akaitikia "eeh", akanyamaza. Kwaya aliacha. Mlenda, ambao ukimnyima siku mbili anauliza, ukawa unabaki kwenye bakuli.

Kwa wanaume sura hubadilika. Mzee aliyeuza ng'ombe wake mmoja mmoja kulipia matibabu, ambaye sasa anaomba nauli kwa wanawe, anaweza asiseme neno lolote la huzuni. Atagombana na kila mtu. Atarudi kwenye pombe aliyokatazwa. Nyumbani watasema ugonjwa umemfanya mkorofi.

Njia ni mbili, ya kwenda na ya kurudi

Wengi wanaosoma hapa wamewahi kuugua malaria. Kumbuka siku ile ya pili. Chakula kinanuka vibaya, hutaki mwanga, hutaki mgeni, mtu akikusemesha unatamani aondoke. Hukuwa na huzuni ya jambo lolote. Kinga ya mwili ilipokuwa ikipigana ilimwaga kwenye damu kemikali zinazopeleka taarifa hadi kwenye ubongo, na ubongo ukazima hamu zote ili mwili upumzike. Homa ikiisha, hamu inarudi. Sasa wazia ugonjwa ambao moto wake hauzimiki, unafuka chini kwa chini miaka kumi: baridi yabisi, kisukari, figo, VVU visivyodhibitiwa. Ubongo unaendelea kupokea ujumbe uleule. Ushahidi mzito wa jambo hili ulitoka kwa wagonjwa wa homa ya ini waliokuwa wakitibiwa kwa interferoni, dawa ambayo ni mojawapo ya kemikali hizo za kinga. Watu waliokuwa na moyo wao mzima walianza sindano hizo na baada ya wiki kadhaa baadhi yao wakaingia kwenye sonona.

Kiharusi kina njia yake, maana hujeruhi ubongo wenyewe. Takribani mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona baadaye. Kwa wenye kisukari uwezekano ni kama mara mbili ya wasio nacho.

Na dawa zenyewe nazo zimo. Prednisoloni, ambayo watu hupewa kwa pumu na baridi yabisi, inaweza kumpandisha mtu hadi akose usingizi au kumshusha hadi alie bila sababu. Fenobabitoni ya kifafa inaweza kuleta uzito wa moyo. Baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu huvuruga akili. Efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kwenye kidonge cha kila usiku cha watu wanaoishi na VVU, ilijulikana kwa ndoto za kutisha na wengine kushuka moyo, kabla haijapishwa na dolutegraviri. Mtu akiona moyo umebadilika mara baada ya kubadilishiwa dawa, aliseme hilo kliniki, tena alitaje kwa tarehe. Asiache dawa mwenyewe.

Njia ya kurudi, sonona nayo kuudhuru mwili, ndiyo iliyokuwa mtungini. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti nyingi zilizokuwa zimefanyika kuhusu wagonjwa na maagizo ya daktari, wakaona mwenye sonona ana uwezekano mara tatu zaidi wa kutofuata tiba. Hasahau. Anajua saa ya dawa kuliko wewe. Ila kujidunga ni kitendo cha mtu anayetarajia kesho, na sonona humnyang'anya mtu kesho. Juu ya hapo, sonona huweka mwili katika hali ya hatari ya kudumu. Homoni ya kortisoli hupanda, na kortisoli husukuma sukari juu. Sukari ikipanda mtu anachoka zaidi, anatoka ndani mara chache zaidi, anakula ovyo au hali kabisa. Hapo huwezi tena kusema kipi kilianza. Na kwa kweli si lazima ujue ili uanze kutibu.

Inatibikaje

Vidonge vipo. Vinavyopatikana zaidi kwetu ni amitriptilini na fluoksetini. Vyote havifanyi kazi kwa siku mbili kama panado. Huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, wakati mwingine sita, na vinahitaji kuendelezwa miezi kadhaa baada ya mtu kupata nafuu. Wengi huacha wiki ya pili wakisema dawa imekataa. Havileti uraibu kama watu wanavyohofu, ingawa kuviacha ghafla kunasumbua, kwa hiyo hupunguzwa taratibu kwa maelekezo.

Kwa mwenye ugonjwa mwingine kuchagua kunahitaji uangalifu. Amitriptilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo uliokwisha kuumwa, kuzuia mkojo kwa mzee mwenye tezi dume, na kuongeza uzito. Fluoksetini inaweza kushusha sukari kwa anayetumia insulini, basi sukari ipimwe mara nyingi zaidi mwanzoni. Mtu anayetumia tramado kwa maumivu amwambie mtabibu kabla hajaanza.

Hapa kuna jambo limewachanganya wengi, na nyumbani kwetu lilituchanganya pia. Amitriptilini hiyohiyo hutolewa kwa kipimo kidogo, usiku, kwa wagonjwa wa sukari ambao nyayo zinawaka moto. Mama mkubwa alikuwa akipewa kidonge kimoja kwa ajili ya miguu. Binti yake aliposoma kwenye simu kwamba ni dawa ya sonona, akatuambia, "Mbona anatibiwa tayari?" Hakuwa akitibiwa. Kipimo cha miguu kwa kawaida hakitoshi kuinua moyo. Na kinyume chake, kuna mgonjwa aliyeandikiwa kwa ajili ya miguu, jirani akamwambia umepewa dawa ya vichaa, akaitupa.

Mazungumzo ni tiba vilevile, na haya hayahitaji bingwa kila mara. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, mtaa wa Mbare jijini Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza. Kwa Kishona hali hiyo huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mtanzania anaelewa bila mkalimani. Bibi hamwambii mtu "jikaze". Anamuuliza matatizo yote, wanachagua moja linaloshikika, wanapanga hatua ndogo, anarudi wiki ijayo kusimulia imekwendaje. Matokeo ya utafiti uliowashirikisha watu 573, takribani wanne kati ya kila kumi wakiishi na VVU, yalichapishwa 2016, na waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Marekani walijaribu kitu kinachofanana upande wa kliniki. Wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari au ugonjwa wa moyo. Nusu yao walipewa muuguzi mmoja anayefuatilia vyote, moyo, sukari, presha na mafuta kwenye damu, akiwa na daktari wa kumwongoza. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kundi hilo lilipona sonona zaidi, na sukari na presha vilishuka pia. Kliniki za sukari na za presha zipo mpaka kwenye vituo vya afya wilayani. Wauguzi wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni swali moja kwenye mstari wa daftari, kati ya uzito na presha.

Maombi sina ugomvi nayo. Mama mkubwa ni mtu wa kanisa na lilimbeba. Ninachoomba kwa wachungaji, masheikh na waganga ni kwamba wasimwambie mtu aache sindano kuonyesha imani.

Kivuli cha Mirembe

Dodoma ndiko iliko Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyoanza mwaka 1927. Imehudumia vizazi vya Watanzania kutoka kila mkoa. Lakini jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima, na sisi tunaoishi karibu nayo ndio tunaoliogopa zaidi. Daktari alipotaja tu kwamba angependa mtaalamu wa akili amwone, mama mkubwa alinishika mkono. "Mwanangu, unanipeleka Mirembe? Mimi si kichaa."

Sonona haimfanyi mtu kuwa kichaa, na wengi wenye sonona juu ya sukari au presha hawahitaji kulazwa popote. Hutibiwa palepale wanapochukua dawa zao nyingine, iwe kituo cha afya au hospitali ya mkoa. Na anayehitaji Mirembe kweli, anahitaji kama mwenye mguu uliovunjika anavyohitaji daktari wa mifupa.

Aliyeuliza swali sahihi hatimaye alikuwa muuguzi wa makamo, kliniki nyingine tuliyohamia. Alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa", akafunga daftari, akamtazama. "Mama, ulipoacha sindano, ulitaka nini kitokee?"

Mama mkubwa alikaa kimya mpaka nikadhani hajasikia. "Kilichopangwa kitokee tu."

Nilitetemeka. Muuguzi hakutetemeka. Akamuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampandikizia mtu wazo. Sivyo, anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata pa kutua. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na viuatilifu vya shambani vitunzwe na mtu mwingine, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Mama mkubwa alisema hapana, hakuwa na mpango, alikuwa hataki tu kuamka. Hata hilo liliandikwa.

Alianzishiwa fluoksetini. Dada yangu akahamia kwake mwezi mmoja kusimamia sindano na kipimo cha sukari. Muuguzi akampa kazi moja tu ya kila siku: kutoka nje ya uzio asubuhi, hata kama ni kufika kwenye mbuyu na kurudi. Wiki ya kwanza kichefuchefu. Wiki ya pili na ya tatu hatukuona kitu, na dada yangu alinipigia usiku akilia. Wiki ya nne mama mkubwa alimaliza bakuli la mlenda.

Wiki ya tano nilikuwa nakunja kitambaa juu ya mtungi, sukari yake ya asubuhi ile ikiwa bado juu, 13, akaniita kutoka barazani kujua jirani yake zabibu kauza kilo shilingi ngapi.